Inakojoa lakini inachemka: shajara ya kupima joto la Enduro 40

Siku ya 1

Mashine iliyoletwa ni Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, ya mipigo miwili, silinda mbili zilizopandana, ujazo wa sentimita 703 za mchemraba, mguu mrefu. Inasukuma boti ya faiba ya futi 23 inayofanya kazi Bagamoyo. Lalamiko ni hili: polepole haina neno, lakini ikivutwa resi yote, baada ya robo saa hivi inaanza kulegea kama iliyofungiwa nanga, inatoa harufu ya rangi inayoungua, kisha nahodha akiipunguza kwa dakika tano inarudi na nguvu zake. Muda wote huo inakojoa vizuri, yaani maji ya kuipoza yanaruka nje kwenye tundu lake, na ndiyo sababu imeendelea kutumika hivyo. Kila aliyeitazama ameona maji yanaruka kwenye tundu, akasema pampu nzima, tafuteni tatizo kwenye mafuta.

Tundu la kukojolea linathibitisha jambo moja: pampu inapandisha maji mpaka pale tundu lilipo. Kwenye mashine nyingi maji hayo huchotwa njiani, kabla hayajamaliza mzunguko wa hedi, kile kifuniko cha silinda. Hedi inaweza kuziba nusu huku tundu likiruka kama kawaida. Tena njia za mbele zikiziba, maji yanayokosa pa kupita yanatafuta tundu, na mkojo unapendeza zaidi.

Kule kulegea nako kuna maana yake. Pistoni ya alumini ikipata joto kupita kiasi hutanuka kuliko silinda inamokimbia, inabana, inakula nguvu. Ikipoa inalegea. Hatua inayofuata baada ya hapo ni kukamata, na mashine iliyokamata ni gharama ya namna nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya yote tumepima mgandamizo, plagi zote mbili zikiwa nje na resi imefunguliwa kabisa: silinda ya juu paundi 106 kwa inchi ya mraba, ya chini 112. Tofauti haifiki asilimia 10. Pistoni bado zipo, kazi inaendelea.

Plagi: ya chini kahawia ya kawaida. Ya juu imepauka, karibu nyeupe, na kwenye kauri kuna vidoa vidogo vinavyometa. Plagi nyeupe ina maelezo mawili, hedi yenye joto au mafuta machache kwa hewa nyingi. Jeti za kabureta zimefunguliwa, zimepulizwa, zote safi. Mchanganyiko wa mafuta unaotumika ni mililita 400 za oili kwa dumu la lita 20, yaani 50 kwa 1, hauna ubaya. Tunabaki na joto.

Mpango: kupima kwanza, kufungua baadaye, na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi akibadilisha pampu, gasketi na themostati (mlango mdogo unaofunguliwa na joto ili maji yapite) siku moja, mashine itapona lakini hatajua ilikuwa inaumwa nini, na mwakani atanunua vyote vitatu tena.

Siku ya 1, jioni: vifaa

Bunduki ya kupimia joto, ile ya viwandani inayosoma mpaka digrii 380. Ile iliyosambaa wakati wa korona haifai. Imetengenezwa kusoma paji la uso, ikifika digrii 42 au 43 inaandika kosa na kunyamaza.

Bunduki hizi zina udanganyifu wake. Alumini inayong'aa huzirudishia mwanga wa vitu vya jirani badala ya joto lake yenyewe, ikasomeka digrii 40 wakati ina 60. Dawa ni kupaka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, ukubwa wa sarafu, na kupima pale pale kila mara, bunduki ikiwa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye doa. Tumepaka madoa matatu: A karibu na plagi ya juu, B karibu na plagi ya chini, C kwenye kifuniko cha themostati.

Kwa majaribio ya baharini bunduki peke yake haitoshi, mikono inahitajika kwingine. Tumeongeza nyaya mbili za kihisi cha joto cha aina ya K zinazoingia kwenye mita ya umeme, vichwa vyake vimegandishwa kwa epoksi juu ya madoa A na B. Wazo la kutia kihisi chenye pete chini ya bolti ya hedi tumelikataa: bolti ya hedi haifunguliwi moja ikarudishwa kienyeji. Chini ya plagi nako kingesoma joto la plagi, siyo la hedi, na pete inaharibu plagi inavyokaa.

Vingine: kipimajoto cha kioo cha maji, jagi la lita moja, saa ya simu, kihesabu mizunguko cha kubana kwenye waya wa plagi.

Siku ya 2: pipa

Pipa la lita 200, wazi juu, nje chini ya mwembe. Ndani ya banda haiwashwi, moshi wake unaua. Propela imetolewa. Maji yamejazwa mpaka kiganja kimoja juu ya lile bati pana lililo juu ya propela. Chini ya hapo pampu inanyonya hewa, na impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji, ikizunguka bila maji inaharibika ndani ya sekunde chache.

Maji ya pipa yalianza na digrii 27. Mashine imeachwa sailensa, yaani inanguruma bila kuvutwa resi, mizunguko 950 hivi kwa dakika. Dakika ya 10: A 41, B 36, C 33, maji ya tundu 32. Jagi la lita moja limejaa kwa sekunde 31. Dakika ya 15 maji ya pipa yamefika 33, kwa sababu moshi wa mashine unatokea humo humo na kuyapasha. Usomaji wa pipa baada ya robo saa hauna thamani tena mpaka ubadilishe maji. Resi haikuvutwa kupita mizunguko 1500: pipa likichafuka linajaa mapovu, pampu inavuta mapovu, na utakayoyasoma hapo ni ya pipa wala siyo ya mashine.

Namba hizi zinashangaza kidogo. Mashine inayolalamikiwa kuchemka, kwenye sailensa ni ya baridi. Mashine ya aina hii yenye themostati nzima hukaa karibu na digrii 50 hata ikiwa sailensa, maana themostati haifungui njia mpaka hapo.

Kifuniko cha themostati kimefunguliwa. Chumba kitupu. Kuna gasketi na alama ya mviringo mahali themostati ilipokaa zamani.

Ni desturi ya pwani nzima hii. Mashine ikianza kuchemka themostati inatolewa, maji yanapita bila kizuizi, joto linashuka kwa miezi michache, na aliyeitoa anahesabiwa kuwa ameitibu. Kilichofanyika ni kuficha ugonjwa. Mashine ya mipigo miwili ikiwa baridi mno, petroli haigeuki mvuke sawasawa, matone yanaosha oili kwenye kuta za silinda, kaboni inajaa, plagi zinalowa, na nahodha analalamika kuwa inakula mafuta. Wakati huo huo kilichokuwa kinaziba kinaendelea kuziba taratibu.

Yako maswali kwa nini themostati ya mashine ya boti ifungue digrii 50 wakati ya gari inasubiri 80 na zaidi. Ni kwa sababu ya bahari. Maji ya chumvi yakipashwa sana huangusha chokaa na magamba kwenye kuta za chuma, na kadiri joto linavyopanda ndivyo yanavyoangusha zaidi. Kwa hiyo kuweka themostati ya joto la juu, kwa kudhani mashine itachoma mafuta vizuri zaidi, ni kujipikia magamba.

Siku ya 3: baharini, kabla ya kugusa kitu

Pwani ya Bagamoyo ni tambarare, maji yakipwa boti zinalala kwenye mchanga na kuelea kwake ni mbali. Wakati wa bamvua, kipindi cha maji makuu, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, kwa hiyo majaribio yote ya baharini yamepangwa kuanzia saa tisa. Bahari ilikuwa na digrii 28.

Kwanza boti ikiwa bado kavu, urefu wa mashine kwenye tezi umepimwa: lile bati pana liko milimita 15 chini ya sakafu ya boti. Kati ya usawa na milimita 25 ni sawa. Mashine iliyokaa juu mno hunyonya hewa boti ikinyanyuka kwa kasi, ikachemka bila kuwa na kasoro yoyote ndani yake. Afadhali kuiondoa dhana hiyo mapema kwa rula. Vichujio vya kuingizia maji pande zote mbili za mguu vilikuwa na magamba ya viumbe wa baharini, karibu theluthi moja imezibwa. Havikusafishwa. Leo ni siku ya kujua hali ilivyo.

Kifuniko cha juu kimetolewa ili nyaya zipite, hivyo kamba na mikono ya shati viko mbali na gurudumu la juu. Kikomo tulichojiwekea: A ikifika 85 resi inapunguzwa.

Mizunguko 2000, dakika 5: A 46, B 41.
Mizunguko 3500, dakika 5: A 60, B 49.
Mizunguko 5000: dakika ya pili A 72, dakika ya nne A 80, dakika ya sita A 85 na bado inapanda. B 67. Resi imepunguzwa.

Tundu liliruka muda wote. Maji yake 36.

Namba mbili zinabebana hapa. Ya kwanza ni kupanda kusikokoma kwenye kasi: joto linazalishwa kuliko linavyoondolewa, kwa hiyo maji hayatoshi. Ya pili, ambayo ndiyo imetukalisha jioni nzima, ni tofauti ya 18 kati ya A na B. Silinda zote mbili zinanyweshwa na pampu moja. Pampu ikichoka zote zinaumia. Silinda ya juu huwa na joto kidogo zaidi, maji yanaifikia yakiwa yameshapata moto na hewa hupenda kukusanyika juu, lakini digrii 18 siyo kidogo.

Siku ya 4: pampu

Gia imewekwa mahali ambapo kiungo cha fimbo ya gia kinafikika, kiungo kimefunguliwa, bolti za mguu zimetolewa, mguu umeshushwa wima. Uliposhindikana kushuka haukupigwa nyundo; umetikiswa huku mafuta ya kulainisha kutu yakiachwa nusu saa kwenye pini.

Nyumba ya pampu ina bolti nne. Ndani yake kuna kikombe cha chuma, chini yake bamba jembamba la chuma, kati yake impela ya mpira, na impela inashikwa na shafti kwa kii, kile kichuma kidogo kinachopotea mchangani ukishapepesa macho. Tandika kitambaa cheupe.

Impela: mabawa sita. Yote yamelala upande mmoja na hayasimami tena hata yakiachwa kwenye maji ya uvuguvugu. Mawili yana ufa kwenye shina. Ncha, ambazo zikiwa mpya zina ukingo wa duara, zimesagika zikawa bapa na zinang'aa. Kikombe kina mikwaruzo ya duara. Kucha ikipitishwa inakwama. Bamba la chini limechimbika duara la impela. Kwenye pembe za nyumba kuna mchanga uliogandamana, kiasi cha kijiko cha chai.

Ni mchanga wa pwani hii. Boti inasukumwa kwenye maji ya magoti, mashine inawashwa mguu ukiwa unakaribia chini, na pampu inanyonya uji wa mchanga kwa dakika ya kwanza ya kila safari. Kubadilisha impela peke yake ndani ya kikombe kilichokwaruzika ni kupoteza hela: mabawa mapya yanapita juu ya mifereji, maji yanarudi nyuma kupitia mifereji hiyo hiyo. Vimebadilishwa impela, kikombe, bamba, gasketi zote na kii.

Impela ya kununua inajaribiwa kwa vidole. Kunja bawa mpaka liguse kitovu, liachie. Zuri linarudi mara moja na halionyeshi mstari mweupe pale lilipokunjwa. Tundu la kitovu likae kwenye shafti na kii bila kucheza.

Kurudisha: ndani ya kikombe panapakwa sabuni ya maji, nyumba inasukumwa chini taratibu huku shafti ikizungushwa kufuata saa ukiitazama kutoka juu, mabawa yalale upande unaotakiwa. Baada ya hapo shafti haizungushwi kinyume tena, hata nusu mzunguko.

Meno ya shafti yanapakwa grisi ubavuni. Sehemu bapa ya juu kabisa ya shafti haipakwi, maana grisi inayonaswa pale inakataa kubanwa na mguu haukai mpaka mwisho wake. Halafu bomba la maji. Linashuka kutoka juu na lazima liingie kwenye mpira wake juu ya pampu. Bomba likikosa mpira, mguu utafunga kama kawaida, bolti zitakaza kama kawaida, na maji yote yatamwagika ndani ya mguu. Mpira umepakwa grisi, na mtu mmoja amechungulia kwa tochi wakati mguu unapanda.

Vichujio vimesafishwa kwa bisibisi na brashi ya waya.

Siku ya 5

Pipa, maji 27: lita moja kwa sekunde 16. Ilikuwa 31.

Baharini saa kumi, digrii 28, mizunguko 5000, dakika 10: A 75, B 58. Joto limetulia, halipandi tena. Kwa wengi kazi ingeishia hapa, na mashine ingerudi baharini na sifa.

Ila tofauti ya A na B ni 17. Pampu mpya imezishusha zote mbili kwa takriban kiasi kimoja na pengo limebaki palepale. Maji sasa yapo ya kutosha. Kuna mahali karibu na silinda ya juu hayafiki.

Siku ya 6

Gasketi ya hedi imeagizwa. Bolti za hedi zimetiwa mafuta ya kulainisha kutu asubuhi, mchana na jioni. Hazijaguswa.

Siku ya 7: hedi

Kila bolti imegongwa kichwani kwa nyundo ndogo, pigo fupi la wima, kisha ikajaribiwa kukazwa kidogo kabla ya kufunguliwa. Zimetoka zote isipokuwa moja ya pembeni juu. Hiyo imepashwa moto pembezoni mwake, siyo yenyewe, ili alumini itanuke na kuiachia. Ililia mara moja ikatoka, na uzi wake umejaa unga mweupe wa alumini iliyoliwa na chumvi.

Hedi ikatoka na jibu.

Vijia vya maji vinavyoizunguka silinda ya chini viko wazi, vina utando mwembamba wa kijivu tu. Kadiri unavyopanda utando unazidi kunenepa, na kwenye mkunjo wa juu kabisa, juu ya plagi ya doa A, kijia kimejaa ukoko. Ni mgumu kama ukoko wa wali uliosahaulika motoni, rangi ya majivu kwa nje. Ukiuvunja ndani ni tabaka nyeupe na kahawia zimepandana, na kati ya tabaka kuna punje za mchanga. Kijiti cha kiberiti hakipiti. Pamebaki tundu moja upande wa chini, nalo halizidi unene wa waya wa baiskeli, ndimo maji yote ya silinda ya juu yalikuwa yanapenya.

Gasketi ya zamani imegeuka nyeusi kati ya silinda ya juu na kijia cha maji, upana wa milimita 3 hivi. Haijatoboka bado. Ingetoboka, maji ya chumvi yangeingia kwenye silinda, na hapo ndipo shafti kuu na beringi zake huliwa na kutu mashine ikiwa imepumzika.

Kusafisha. Ukoko mzito umevunjwa kwa kijiti cha mti mgumu na kipande cha waya wa shaba, siyo bisibisi, kwa sababu uso wa alumini ukikwaruzwa gasketi haishiki. Kisha hedi imelazwa kwenye beseni la siki nyeupe ya dukani. Ikaanza kutoa povu mara moja, ishara kwamba kuna chokaa ya kuliwa. Povu lilipokoma baada ya saa moja siki imemwagwa, imewekwa mpya, saa nyingine moja, halafu hedi imesuguliwa kwa mswaki na kuoshwa kwa maji matamu mengi. Vijia vya upande wa bloku vimefanyiwa hivyo hivyo kwa kitambaa kilicholoweshwa siki, silinda zikiwa zimezibwa kwa matambara yenye oili.

Asidi ya betri inapendekezwa sana vijiweni. Inakula chokaa, ni kweli, na ikimaliza inaendelea na alumini.

Kunyooka kwa hedi: rula ya chuma imewekwa pembe kwa pembe, kipimo cha milimita 0.05 kimepita sehemu moja, cha 0.10 hakikupita popote. Kikomo ni 0.1, kwa hiyo inafaa, lakini imesuguliwa juu ya kioo kinene chenye msasa wa maji namba 400, mwendo wa umbo la namba nane, mpaka uso wote ukawa wa rangi moja. Dakika kumi za kazi.

Bolti zimesafishwa nyuzi, zimepakwa grisi ya baharini kidogo shingoni, zimekazwa kuanzia za katikati kwenda nje kwa kupishana, hatua mbili, kwa torki ya kitabu cha mashine hii. Kukaza kwa hisia za mkono ndiko kunakopinda hedi.

Siku ya 8: themostati jikoni

Zimenunuliwa mbili, kutoka maduka mawili, zote zimegongwa namba 50 mgongoni. Hakuna iliyoingia kwenye mashine kabla ya kupita kwenye sufuria.

Kila moja imefunguliwa kwa kucha, uzi ukatiwa kati ya mlango na kiti chake, ikaachwa ijifunge na kuushika uzi. Imening'inizwa kwa uzi huo ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini wala pembeni, kipimajoto cha kioo kando yake. Moto mdogo, maji yanakorogwa. Mlango ukifunguka uzi unaachia na themostati inazama.

Ya kwanza imezama kwenye digrii 51. Kufika 60 mlango ulikuwa wazi zaidi ya milimita 3, umepimwa kwa kijiti cha unene huo. Ya pili ilining'inia 55, ikaning'inia 60, ikazama 67. Kwa macho hazitofautiani hata kwa mng'aro. Ile ya pili ingewekwa, mashine ingechemka upya, na lawama ingeangukia themostati zote duniani.

Siku ya 9: pipa tena

Maji 27, mizunguko 950. Dakika ya 4 C bado ni 31 na A imeshafika 44, njia imefungwa. Dakika ya 7 C imeruka kutoka 33 hadi 49 ndani ya nusu dakika: themostati imefunguka. Kuanzia hapo C inapanda na kushuka kati ya 48 na 52, kama inavyotakiwa, kwa sababu themostati hufungua, hupokea maji ya baridi, hujifunga kidogo, hufungua tena. A 54, B 52. Lita moja kwa sekunde 15.

Pengo la A na B: digrii 2.

Kuna jambo la kumwambia mwenye boti ambalo halikuwepo themostati ilipokuwa nje. Kuosha mashine kwa maji matamu baada ya safari, kama ilivyozoeleka hapa, ni dakika mbili tatu kwenye pipa kisha kuzima. Kwa mashine yenye themostati, dakika tatu hazioshi hedi hata kidogo: mlango haujafunguka, maji matamu yanazunguka chini na chumvi inabaki juu ikikauka. Iachwe sailensa mpaka kifuniko cha themostati kipate moto mkononi, halafu iongezwe dakika tano. Maji matamu yakiwa ya kununua, pipa lililokatwa nusu na mashine ikashushwa mpaka mguu uzame vizuri linatosha, na maji hayo yanatumika siku mbili kabla ya kumwagwa.

Siku ya 10: baharini

Bamvua imeshapita, ni maji mafu, kwa hiyo boti imesukumwa mbali kwa pondo mpaka kina cha kiuno kabla ya kuwasha. Bahari digrii 28. Watu watatu na mawe ya nanga, mzigo unaokaribia wa kazi.

Mizunguko 2000, dakika 5: A 54, B 52.
Mizunguko 3500, dakika 10: A 57, B 54.
Mizunguko 5000, dakika 20: A 62, B 58, imetulia tangu dakika ya nane. Hakuna harufu, hakuna kulegea.

Kisha resi imepunguzwa ghafla mpaka sailensa, jaribio ambalo wengi hulisahau. Pampu inapunguza maji mara moja lakini joto lililo kwenye chuma halijaondoka, kwa hiyo hedi hupanda kidogo kabla ya kushuka. A ilipanda mpaka 66, ndani ya dakika mbili ikarudi 55. Ingeendelea kupanda, ingekuwa ishara kwamba pampu haina nguvu kwenye mwendo wa chini.

Plagi mpya ziliwekwa jana. Leo zote mbili zina rangi moja, kahawia ya kahawa ya maziwa.

Nyaya za kihisi zimetolewa, madoa meusi yamebaki. Nahodha hana bunduki ya joto wala hana haja nayo kila siku: ameonyeshwa kuweka kiganja kwenye doa A akirudi ufukoni. Kiganja kikikaa kwa kuhesabu mpaka tatu, sawa. Kikirushwa papo hapo, arudi nayo kupimwa. Tone la maji likidondoshwa pale likachachatika, joto limepita 100, azime na kuomba kuvutwa.

Bado: mashine hii haina king'ora cha joto, swichi inatafutwa. Kikombe cha pampu kitafunguliwa na kukaguliwa baada ya saa 100 za kazi, kwa sababu mchanga wa ufuko ule haujahama. Jagi la lita moja limefungwa kwenye sanduku la vifaa, na kwenye kifuniko cha ndani cha mashine pameandikwa kwa kalamu ya rangi: sailensa, lita moja, sekunde 15.